Je, Wajua? Tumbo Linalouma Huku Vipimo Havioni Kitu

Kuna watu ambao tumbo limewazungusha hospitali zote za mji wao. Wamepimwa amiba, wamepimwa taifodi, wamepigwa altrasaundi, na kila mara jibu ni lile lile: huna tatizo. Hurudi nyumbani na dozi nyingine ya minyoo, huku ndugu wakijiuliza kama kweli wanaumwa au wanajidekeza. Wengine wameshaambiwa wamelishwa kitu. Safu ya leo ni yao, na ya yeyote anayeishi nao.

Je, wajua kwamba maumivu hayo yana jina? Madaktari huyaita IBS. Sisi hapa tutasema utumbo nyeti. Hayaonekani kwenye damu wala kwenye picha. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe, kwa kufuata vigezo vinavyoitwa vya Roma, ambavyo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2016. Tumbo liwe limeuma kwa wastani angalau siku 1 kila wiki katika miezi 3 iliyopita. Dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 nyuma. Na maumivu yaambatane na mawili kati ya haya matatu: kwenda haja kubwa, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa sura ya choo chenyewe. Daktari anayekaa na kukusikiliza kwa makini ana nafasi kubwa ya kuujua ugonjwa huu kuliko mashine yoyote.

Je, wajua kwamba wenye shida hii ni wengi? Utafiti uliowafikia watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33 ulikuta kwamba karibu watu 4 kati ya kila 100 wanatimiza vigezo hivyo vikali vya Roma. Kwa vigezo vya zamani vilivyokuwa vyepesi zaidi, idadi ilifika kama 10 kati ya 100. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na wengi wao husema hali huchacha siku za hedhi.

Wajua kwamba utumbo nyeti hauui? Hauchubui utumbo, haugeuki saratani, haupunguzi miaka ya kuishi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini asitokee mtu akalitumia kumnyamazisha mgonjwa. Yuko anayekataa safari ya basi ya mkoani kwa sababu hajui dereva atasimama wapi. Yuko anayekwenda harusini bila kula chochote tangu asubuhi. Yuko mwanafunzi anayetoka mara tatu kwenye chumba cha mtihani huku msimamizi akimshuku. Ugonjwa usioua unaweza kabisa kumnyang'anya mtu maisha yake ya kila siku.

Je, wajua kwamba una sura zaidi ya moja? Kuna wanaoharisha, kuna wanaopata choo kigumu, na kuna wanaobadilishana hali hizo mbili, wiki hii hivi na wiki ijayo vile. Ili kusaidia mazungumzo ambayo wengi huyaonea haya, Stephen Lewis na Ken Heaton wa Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 1997 chati ya choo yenye namba 1 hadi 7. Namba 1 ni vidonge vigumu kama vya mbuzi, namba 7 ni maji matupu. Badala ya kuhangaika kueleza, mgonjwa anataja namba. Andika namba yako kwenye daftari kila siku kwa wiki mbili, pamoja na ulichokula na jinsi ulivyolala, kisha mpelekee daktari. Daftari hilo litaokoa muda na pesa zako.

Je, wajua kwamba utumbo una mfumo wake wa neva? Katika kuta zake mna neva zaidi ya milioni 100, zinazoweza kuendesha kazi zake hata bila amri ya ubongo. Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, wanasayansi wa London, walikata neva zote zinazofika kwenye utumbo wa mbwa kutoka nje, na bado utumbo ukaendelea kusukuma chakula. Kemikali iitwayo serotonini, ambayo wengi huisikia ikitajwa katika habari za huzuni na furaha, asilimia 95 hivi ya ile iliyomo mwilini iko tumboni. Huko inaamua kasi ya utumbo na inapeleka taarifa za maumivu juu. Ubongo na utumbo vinazungumza mchana na usiku, na kwa mwenye utumbo nyeti mazungumzo hayo yamepanda sauti.

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo kiini kilipo. Mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza aitwaye Ritchie aliingiza kipira kidogo sehemu ya mwisho ya utumbo wa watu, akakijaza hewa polepole. Kilipofika mililita 60, ni asilimia 6 tu ya watu wazima wa afya waliosema kinauma. Kwa wenye utumbo nyeti walikuwa asilimia 55. Kipira kilikuwa kile kile na hewa ilikuwa ile ile. Neva ndizo zilizokuwa tofauti. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Nottingham waliwapa watu vinywaji vyenye sukari zinazoleta gesi kisha wakayatazama matumbo yao kwa picha za MRI. Kiasi cha gesi kwa wagonjwa na kwa wazima kilikaribiana, ila wagonjwa ndio walioteseka. Kwa hiyo mtu akikwambia sahani ndogo ya maharage imemlaza kitandani, mwamini. Anachokisikia yeye wewe hukisikii.

Je, wajua jinsi hofu inavyoshuka tumboni? Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Thomas Almy wa New York alikuwa akitazama kwa kifaa ndani ya utumbo mpana wa mwanafunzi wa udaktari aliyejitolea. Akafanya jambo ambalo leo lisingeruhusiwa: aliwaacha wenzake wazungumze, mwanafunzi akisikia, kana kwamba wameona saratani. Utumbo ukawa mwekundu na kujikaza pale pale. Alipoambiwa kwamba haikuwa kweli, ukalegea. Msongo wa mawazo, basi, unabadilisha utumbo kwa namna ambayo jicho linaweza kuona. Na watu waliopitia mateso makubwa utotoni hupata ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Lakini je, wajua kwamba wakati mwingine chanzo si mawazo bali ni maji machafu? Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe kwenye kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Wataalamu waliendelea kuwafuatilia wakazi kwa miaka. Miaka miwili hadi mitatu baadaye, miongoni mwa wale ambao kuhara kwao kulithibitishwa, asilimia 36 walikuwa na utumbo nyeti, wakati kwa majirani ambao hawakuugua ilikuwa asilimia 10. Baada ya miaka 8 wengi walikuwa wamepona wenyewe, lakini si wote. Kwa ujumla, mtu 1 hivi kati ya 10 wanaopata maambukizi makali ya tumbo hubaki na tatizo hili baada ya vijidudu kuondoka. Tafakari hilo katika miji yetu, ambako kuhara kwa sababu ya maji na chakula bado ni jambo la kila msimu wa mvua. Kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono kwa sabuni kunazuia kuhara kwa leo, na kunaweza kuzuia miaka kadhaa ya tumbo bovu.

Vijidudu vikishaondoka, kwa nini tumbo lisitulie? Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitoa jibu moja. Maambukizi yanapotokea, kinga ya mwili iliyomo utumboni inaweza kukosea na kukichukua chakula kilichokuwamo wakati ule kuwa adui pia. Baadaye, kila chakula hicho kikija, kinga hiyo inawaka pale pale ukutani mwa utumbo na kuziamsha neva. Waliwachoma wagonjwa 12 chembe za ngano, gluteni, soya na maziwa ya ng'ombe kwenye ukuta wa utumbo, na wote 12 walionyesha mwitikio kwa angalau kimoja. Kipimo cha mzio cha kwenye damu hakikuwa kimeona chochote.

Wajua kwamba damu ya ukoo nayo imo? Mwaka huo huo wa 2021, uchunguzi wa watu 53,400 wenye utumbo nyeti uliwakuta na maeneo 6 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa. Baadhi ya vinasaba hivyo vinahusika pia na wasiwasi. Maana yake si kwamba wasiwasi ndio unaoleta tumbo, wala tumbo ndilo linaloleta wasiwasi. Vinaweza kuchipuka kutoka shina moja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Je, wajua ni mara ngapi utumbo nyeti hupewa jina lisilo lake? Hapa kwetu tumbo likiuma mwezi mzima, mtaa mzima unasema vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine, wa juu, kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba, na husababishwa zaidi na bakteria aitwaye *Helicobacter pylori* au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo. Utumbo nyeti uko chini, na sifa yake ni maumivu yanayoambatana na choo. Dawa ya kupunguza asidi haiufikii.

Halafu kuna amiba. Amiba wa kweli anayeleta ugonjwa anaitwa *Entamoeba histolytica*, lakini ana ndugu yake, *Entamoeba dispar*, ambaye kwa kawaida hakai tumboni kwa ubaya wowote. Kwa darubini ya kawaida wawili hawa hawatofautishwi. Kwa hiyo mtu anaweza kuandikiwa metronidazo mara nne kwa mwaka kumfukuza mgeni asiye na hatia, huku kinachomuumiza hakijaguswa. Na taifodi? Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika sana, hutafuta kingamwili, na kingamwili zaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona, au zikaletwa na maambukizi mengine. Taifodi huja na homa. Tumbo la miaka mitatu lisilo na homa si taifodi. Kila dozi isiyohitajika ya antibaiotiki inavuruga bakteria wema wa utumboni, na ipo hatari ikaongeza tatizo badala ya kuliondoa.

Kosa hili halikosekani hata kwenye nchi zenye vifaa. Huko California, Marekani, rekodi za watu karibu 89,000 zilionyesha kwamba wenye utumbo nyeti walikuwa wametolewa kibofu cha nyongo mara 3 zaidi ya wengine, na kidole tumbo na kizazi karibu mara 2 zaidi. Wengi wa wagonjwa wa namna hii hutoka kwenye upasuaji na maumivu yao yakiwa pale pale. Kabla ya kukubali kukatwa kwa ajili ya tumbo sugu lisiloeleweka, tafuta daktari wa pili.

Je, wajua kwamba maziwa yanaweza kuwa ndiyo kesi nzima? Theluthi mbili hivi ya watu wazima duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Wafugaji wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa walionusurika: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichunguza watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kunywa maziwa, na yalikuwa tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo mfugaji anaweza kumaliza kibuyu bila shida na mtu wa pwani akahangaika kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Acha maziwa mabichi na ya chai kwa wiki mbili uone. Mtindi huwa mpole zaidi, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Na kitunguu je? Hapa jikoni ndipo msaada mwingi ulipo, basi nitakaa kidogo. Mwaka 2005 Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, waliyaweka pamoja makundi ya sukari fupi ambazo utumbo mwembamba hushindwa kuzifyonza vizuri. Waliyapa jina la FODMAP. Sukari hizo huvuta maji utumboni, kisha bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa gesi. Zimo kwa wingi kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, kwenye ngano (yaani mkate, chapati na mandazi), kwenye maharage, kunde na mbaazi, kwenye maziwa, asali, embe, tikiti maji na tufaha. Zimo pia kwenye jojo na peremende zisizo na sukari, ambazo hutiwa sorbitoli. Wali, ugali wa sembe, viazi mbatata, mayai, samaki, nyama, karoti na papai kwa kawaida ni salama. Hata ndizi ina tofauti: ikiwa bado imara inasumbua kidogo kuliko ikishaiva kupita kiasi.

Huna haja ya kuaga ladha. Sukari za kitunguu huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kata kitunguu vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta matupu mpaka jikoni kunukie, vitoe vyote, ndipo utie nyanya na vingine. Ladha inabaki kwenye mafuta na sukari inatoka na vipande. Mafuta hayo yatumie siku hiyo hiyo. Mafuta yaliyolowekwa vitunguu saumu yakiachwa kabatini kwa siku nyingi yanaweza kuzalisha sumu hatari. Majani mabichi ya kitunguu nayo hayana shida kama ya tunguu lake. Na maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe, mwaga maji ya kwanza tena. Bibi zetu wengi wamekuwa wakifanya hivyo, na kemia inawaunga mkono.

Lakini je, wajua kwamba mlo huo si wa maisha? Una hatua tatu. Kwanza unapunguza vyakula hivyo kwa wiki 2 hadi 6. Kisha unavirudisha kimoja kimoja, siku chache kila kimoja, ukiangalia tumbo linasemaje. Mwisho unabaki ukikwepa vile tu vilivyokudhuru. Wengi hukwama hatua ya kwanza, wakaishi kwa wali na yai kwa miaka, wakakonda na kuwanyima chakula bakteria wema. Ikiwezekana pata mtaalamu wa lishe akuongoze. Na kama wiki 6 zimepita bila nafuu yoyote, rudi kwenye chakula chako. Shida yako iko kwingine.

Je, wajua kwamba sifa za nyuzinyuzi zilipata msukumo mkubwa kutoka Uganda? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika huko mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na wenzake walipima choo cha wanakijiji wa Uganda wakakuta wastani wa gramu 470 kwa siku, wakati mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 104. Makala yao ya mwaka 1972 iliifanya dunia nzima ikimbilie pumba za ngano. Kwa utumbo nyeti, hata hivyo, pumba hizo hazifai. Mwaka 1994 huko Manchester, wagonjwa 100 waliulizwa: asilimia 55 walisema pumba ziliwazidishia, 10 tu ndio waliopata nafuu. Nyuzinyuzi zinazosaidia ni zile laini zinazovimba na kuwa kama ute kwenye maji, hasa maganda ya isabgol yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya viungo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009 uliwalinganisha wagonjwa 275, na isabgol ikashinda pumba. Anza na kijiko kidogo kimoja kwa siku, ongeza taratibu, na kunywa maji ya kutosha. Bila maji yanaweza kukuziba.

Wajua kwamba kahawa inaweza kuanza kutikisa utumbo mpana ndani ya dakika 4? Kwa mwenye choo kigumu huo ni msaada. Kwa anayeharisha ni balaa, na chai kali nayo ina kafeini. Miongozo ya Uingereza husema visizidi vikombe 3 kwa siku.

Wajua kwamba ukubwa wa mlo una uzito sawa na aina ya mlo? Tumbo likijazwa kwa mkupuo, utumbo mpana huamriwa kujikaza. Hilo hutokea kwa kila mtu, ila kwa mwenye utumbo nyeti amri hupita kiasi. Ndiyo maana wengi huumwa mwezi wa Ramadhani baada ya futari, si wakati wa kufunga. Futuru kwa kidogo, swali, kisha rudi mezani. Siku nyingine kula kwa saa zinazojulikana na utafune polepole.

Je, wajua kwamba choo cha kuchuchumaa kina faida iliyopimwa? Mwaka 2003 mtafiti wa Israeli alichukua watu 28 wazima. Wakichuchumaa walimaliza haja kwa wastani wa sekunde 51. Kwenye kiti cha juu, sekunde 130. Kama nyumbani kuna cha kukaa na choo chako ni kigumu, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga.

Nanaa, ile ile ya kwenye chai, ina mentholi inayolegeza misuli ya utumbo. Mafuta yake yakiwa kwenye vidonge vyenye ganda linaloyeyukia utumboni, yanapunguza maumivu, na madaktari wa tumbo wa Marekani waliyapendekeza rasmi mwaka 2021. Yakinywewa bila ganda huleta kiungulia. Chai ya nanaa ni dhaifu kuliko vidonge, lakini haina ubaya.

Je, wajua dawa ya bure kuliko zote? Huko Uswidi wagonjwa 102 walifuatiliwa kwa wiki 12. Nusu yao walitakiwa kufanya mazoezi ya dakika 20 hadi 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Katika kundi la mazoezi waliozidiwa walikuwa asilimia 8. Katika kundi lililokaa tu, asilimia 23. Kutembea haraka, baiskeli, kucheza mpira jioni, vyote vinahesabika.

Na hili je? Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard aliwapa wagonjwa vidonge visivyo na dawa, na akawaambia wazi kwamba havina dawa. Baada ya wiki 3, asilimia 59 walipata nafuu ya kuridhisha, wakati kwa wasiopewa kitu ilikuwa 35. Wote walikuwa wamesikilizwa vizuri na kutendewa kwa upole. Mimi nasoma humo nguvu ya kumtunza mgonjwa kwa heshima. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Peter Whorwell wa Manchester alikuwa ameonyesha kwa wagonjwa 30 kwamba hipnosi, yaani kumtuliza mtu sana na kumwelekeza mawazo yake kwenye tumbo lililotulia, huwasaidia hata walioshindikana kwa dawa. Mbinu rahisi ya nyumbani ni kuvuta pumzi polepole kwa tumbo, dakika kumi kabla ya kulala.

Dawa za hospitali nazo zipo. Hayosini na mebeverini hutuliza mikazo. Loperamidi hupunguza kuhara, nzuri kabla ya safari. Amitriptilini kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 30 usiku, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 463 na matokeo yakatoka mwaka 2023: iliwasaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Wengi huikataa wakisikia kwamba hutumika pia kutibu sonona. Usiikatae kwa sababu hiyo. Kwa dozi hiyo inashusha sauti ya neva za tumbo, na daktari kukuandikia si kukuita mwendawazimu. Ila usijinunulie mwenyewe dukani. Ina madhara yake, kama usingizi na choo kigumu. Kumbuka kwamba mwaka 2000 dawa iitwayo alosetroni iliruhusiwa Marekani mwezi Februari na ikaondolewa sokoni Novemba kwa kuwadhuru watu, kisha ikarudishwa 2002 kwa masharti makali. Tumbo halijaribiwi kwa kubahatisha.

Mwisho, je, wajua dalili ambazo SI za utumbo nyeti? Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Kukonda bila kukusudia. Upungufu wa damu. Homa. Kuharisha kunakokuamsha usingizini. Uvimbe unaoshikika tumboni. Tumbo lililoanza kubadilika baada ya miaka 50, na kwa mwanamke wa umri huo, kujaa tumbo kupya kusikoisha, kwa sababu saratani ya ovari hujificha hapo. Mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo. Ukiwa na hata moja ya hizi, funga gazeti hili na nenda hospitali wiki hii, umwambie daktari kwa maneno yasiyo na haya unachokiona chooni. Na kama huna hata moja, na vigezo vya Roma vimekugusa, peleka daftari lako, uliza kwa jina kama yaweza kuwa IBS, na usikubali dozi ya tano ya amiba kabla hujajibiwa.